Mguso wa Pili

Somo la wiki: Marko 8:22–26



Mwezi Aprili 1993 watoto wa shule kutoka California, Tennessee na Virginia nchini Marekani, pamoja na wenzao wa London, walikaa mbele ya kompyuta wakaonana nyuso. Picha zao zilipita kwenye intaneti, katika siku ambazo hata Marekani kwenyewe watu wengi walikuwa hawajalisikia jina hilo. Mradi wao uliitwa Global Schoolhouse, na fedha zake zilitoka National Science Foundation, taasisi ya serikali ya Marekani inayogharamia utafiti wa sayansi. Hawakuja mikono mitupu. Walikuwa wamechunguza uchafuzi wa maji katika maeneo yao na kuandikiana kwa kompyuta, na sasa walikuwa na jambo la kuelezana.

Naileta habari yao kwenye tafakari ya usharika kwa sababu naamini watoto wale walikutana na jambo ambalo kipofu wa Bethsaida alikutana nalo zamani, nalo ni jambo ambalo sisi tunaopigiana simu za video kila jioni hatulitambui tena. Nawaomba mnivumilie kwenye mambo ya kompyuta kwa muda, maana uzito wote umo ndani ya hayo mambo madogo.

Programu waliyotumia iliitwa CU-SeeMe. Ilizaliwa mwaka 1992 katika Chuo Kikuu cha Cornell, mjini Ithaca, jimbo la New York. Aliyeiandika ni Tim Dorcey, akishirikiana na Richard Cogger, na waliigawa bure kwa mwenye kompyuta ya Macintosh. Wenye Windows waliipata 1994. Ukiifungua, ulipata kidirisha chenye nukta 160 kwa upana na nukta 120 kwa kimo. Rangi hakuna. Vilikuwapo vivuli 16 tu vya kijivu kutoka weusi mpaka weupe. Sauti nayo haikuwamo mwanzoni. Iliongezwa baadaye, 1994. Kabla ya hapo, aliyetaka kusikika alipiga simu ya kawaida huku macho yako kwenye kioo, au aliandika maneno kwenye kompyuta, au aliandika karatasini kwa kalamu nene na kuiinua mbele ya kamera. Kamera yenyewe ilikuwa kamera ya video ya kawaida iliyoungwa kwenye kadi maalumu ndani ya kompyuta. Ile ndogo ya bei nafuu, QuickCam, yenye umbo la duara kama mboni ya jicho, ilitolewa na kampuni ya Connectix mwaka 1994 kwa karibu dola 100, na hiyo pia ilionyesha kijivu kitupu.

Sasa fikirieni darasa zima limejipanga mbele ya kamera ya namna hiyo. Nukta 160 zigawanywe kwa watoto ishirini na kitu, na ukuta nyuma yao, na meza mbele yao. Kila uso unabaki doa lenye vidoa viwili vya macho, na mdomo huoni kama umefumba au unacheka. Mtu mmoja akiinua mkono, unajua kuna aliyeinua mkono. Kujua ni nani, mpaka uulize.

Hapo ndipo ninapomwona yule kipofu.

Mnaikumbuka habari. Watu wanamleta kwa Yesu, wanamsihi amguse. Yesu anamshika mkono, anamtoa nje ya kijiji, anamtemea mate machoni, anamwekea mikono, kisha anamuuliza kama anaona kitu. Yule mtu anainua macho na kujibu kwamba watu anawaona, ila wamekaa kama miti, tofauti ni kwamba wanatembea. Yesu anaweka mikono tena juu ya macho yake, na safari hii anaona kila kitu sawasawa. Marko peke yake ndiye anayeisimulia. Mathayo na Luka, wanaosimulia mengi yale yale, hii wameiacha, na wapo wasomaji walioona haya kwa niaba ya Bwana, kana kwamba mguso wa kwanza ulishindikana.

Mimi sioni haya. Tazameni Marko ameiweka wapi. Aya chache kabla yake, mashuani, Yesu amewauliza wanafunzi wake inakuwaje wana macho na hawaoni. Aya moja baada yake, njiani kuelekea Kaisaria Filipi, anawauliza watu wanasema yeye ni nani, na Petro anajibu vizuri kabisa kwamba yeye ndiye Kristo. Kidogo tu baada ya hapo Petro huyo huyo anamvuta pembeni na kumkemea kwa kutaja mateso na kifo, naye anakemewa vikali kuliko mwanafunzi yeyote katika Injili hiyo. Petro amemwona Kristo asiye na msalaba. Ameona umbo la kweli, linalotembea kweli, na bado hajamwona. Marko ameweka uponyaji wa hatua mbili katikati kwa makusudi, ili tusije tukadhani kwamba kuona ni tukio la mara moja.

Lakini kinachonigusa zaidi ni lile swali. Katika uponyaji mwingine Yesu haulizi kazi imefikia wapi. Hapa anauliza. Na mtu yule anajibu ukweli. Alikuwa na kila sababu ya kusema ameona vizuri: amebembelezewa na jamaa zake, mwalimu mkubwa ameacha njia yake kwa ajili yake, na tayari amepata nafuu ambayo jana hakuwa nayo. Sisi tungesema "Nzuri, namshukuru Mungu." Tumelelewa hivyo. Mtu anaulizwa habari za nyumbani, anajibu nzuri, habari za watoto, nzuri, mnaongea mpaka chai inapoa, ndipo unasikia "ila tulifiwa juzi." Ni adabu nzuri, sitaki ife. Ila yule kipofu angeitumia siku ile, angerudi kwake akiwaona watoto wake kama vigogo mpaka mwisho wa maisha yake.

Waliotumia CU-SeeMe hawakuweza kulikwepa lile swali. Kabla ya habari za maji, kabla ya kujitambulisha, ilibidi waulizane: mnatuona? Mnaona nini? Maana mtoto wa London hakuwa na namna ya kujua kinachoonekana Tennessee. Alijiona yeye kwenye kidirisha chake, lakini kile kilichomfikia mwenzake kilikuwa kitu kingine, kilichopungua njiani. Basi alisogeza taa. Alikaa kwa utulivu. Aliwaomba wenzake wasipite nyuma yake. Alijifunza kwamba kuonekana kunategemea jicho la mwingine, na kwamba njia pekee ya kujua jicho hilo limepata nini ni kumuuliza mwenye jicho.

Nije sasa kwenye jambo lililonifanya niandike.

Laini za simu za wakati ule zilikuwa nyembamba mno. Kidirisha kile kidogo kina nukta 19,200, na kwa vivuli 16 hiyo ni biti 76,800 kwa picha moja. Mtu aliyekuwa nyumbani na modemu ya biti 14,400 kwa sekunde angehitaji zaidi ya sekunde tano kutuma picha moja tu kama ilivyo. Kwa hiyo Dorcey alifanya hivi. Aliigawa picha katika miraba midogo, kila mraba nukta nane kwa nane; ukihesabu ni miraba 300. Kompyuta ilitazama kila mraba na kuulinganisha na ule iliokwisha kuutuma. Ukiwa umebadilika vya kutosha, iliutuma. Ukiwa haujabadilika, iliuacha, na kompyuta ya upande wa pili iliendelea kuonyesha ule wa zamani. Ukuta haukutumwa tena. Meza haikutumwa tena. Kilichotumwa ni midomo inayosema, mikono inayopungwa, kichwa kinachogeuka.

Ni busara kubwa, na simu zetu za leo zinafanya kazi kwa wazo la ukoo huo huo. Lakini intaneti ilikuwa na tabia ya kupoteza mizigo njiani, na CU-SeeMe haikusimama kudai kilichopotea, kwa sababu ingesimama mazungumzo yangesimama nayo. Mraba uliopotea ulibaki umepotea. Kwa hiyo uliyemtazama alikuwa mtu wa vipande: mdomo wa sasa hivi, paji la uso la muda uliopita. Msichana amekwisha kushusha mkono, na vidole vyake bado viko juu karibu na sikio. Amegeuka kuzungumza na mwalimu, na nusu ya shavu lake la kwanza imebaki pale pale ikikutazama.

Wapendwa, hivyo ndivyo tunavyoonana. Mke na mume walioishi pamoja miaka thelathini hawatazamani upya kila asubuhi; kila mmoja anaye mwenzake kichwani, na anapokea kile tu kilichotikisika. Hilo peke yake si kosa, kwa kuwa hakuna anayeweza kuwatazama watu wote upya kila siku. Shida iko kwenye miraba iliyopotea. Kijana aliyekuwa mlevi ameacha pombe, amerudi kanisani, anaimba kwaya, na bado mwenzake akimwona karibu na mfuko wa sadaka anakaza macho. Mama aliyewahi kugombana na jirani kwa maneno makali anaitwa "yule mkali" na watu ambao ugomvi ule waliusikia tu kwa wengine. Mtoto aliyeshindwa mtihani wa darasa la saba amekuwa mtu mzima, ana watoto wake, na mjomba wake bado anamweleza mambo polepole. Mkono umeshuka zamani. Sisi bado tunaona vidole.

Upo na upande wa pili wa jambo hili, nao unaniuma kama mchungaji. Kwa sheria ya programu ile, asiyetikisika hatumwi. Tazameni orodha za wanaotembelewa majumbani katika usharika wowote. Anayelia kwa sauti anatembelewa. Anayelalamika kwenye vikao anatembelewa. Aliyeacha kuja akawatumia wazee ujumbe wa hasira anatembelewa na watu watatu. Lakini yupo baba anayekaa kiti kile kile kila Jumapili, anatoa ahadi yake, anaitikia sala, anaondoka. Hajabadilika, basi hatumtazami. Anaweza kuwa amepoteza kazi, amepoteza tumaini, amekaa vilevile kwa sababu kukaa ndiyo nguvu aliyobakiwa nayo. Kimya chake tumekihesabu kuwa amani.

Dorcey aliliona tatizo hili katika kazi yake, na dawa aliyoiweka inanifurahisha kila ninapoikumbuka. Aliweka sharti kwamba kila mraba una kikomo cha kusubiri. Kikifika, unatumwa hata kama haujabadilika hata kidogo. Laini ni nyembamba, nafasi ni ya thamani, na bado sehemu ya nafasi hiyo inatumika kutuma ukuta ule ule na meza ile ile, kwa sababu mtumaji hawezi kujua ni kipi kilipotea upande wa pili. Hivyo kosa lilikaa kwa muda, likafutwa. Vidole vilivyobaki hewani vilitoweka. Shavu lilirudi mahali pake.

Bwana wetu aliweka mikono mara ya pili juu ya macho aliyokwisha kuyagusa.

Someni Matendo ya Mitume sura ya 9 mkiwa na hilo mawazoni. Anania wa Dameski anaambiwa katika maono aende kwenye nyumba ya Yuda, katika barabara iitwayo Nyofu, akamtafute Sauli wa Tarso. Anania anajibu kwa kumweleza Bwana habari za Sauli: amesikia kwa wengi mabaya aliyowatendea watakatifu Yerusalemu, na hata hapa Dameski ana ruhusa ya makuhani wakuu ya kuwafunga. Kila alichokisema kilikuwa kweli. Kilikuwa kweli siku tatu kabla. Bwana hamwambii kwamba alikosea. Anampa habari mpya na kumtuma. Anania anakwenda, anaingia, anaweka mikono juu ya mtu ambaye wiki ile ile alikuja kuwafunga watu kama yeye, na neno lake la kwanza kwake ni "ndugu." Ndipo vitu kama magamba vikaanguka machoni pa Sauli. Mimi nadhani macho yaliyofunguliwa katika chumba kile yalikuwa manne.

Na ile karamu ya Simoni Mfarisayo, katika Luka 7. Mwanamke amelia miguuni pa Yesu, amempaka marhamu, na Simoni amekwisha kuamua moyoni ni mwanamke wa namna gani. Yesu anamgeukia yule mwanamke huku akizungumza na Simoni, anamuuliza kama anamwona. Swali la ajabu kwa mtu ambaye amekuwa akimkodolea macho tangu aingie! Kisha anampitisha Simoni kipande kwa kipande: maji, machozi, nywele, busu, mafuta. Anaitazama picha naye upya, mraba kwa mraba, mpaka mwanamke aonekane.

Nawaonea wivu watoto wa 1993 kwa jambo moja. Picha yao ilikiri udhaifu wake. Hakuna aliyeitazama akadhani amemwona mwenzake mzima mzima. Upungufu ulikuwa mbele ya macho yake, hivyo aliuliza. Simu zetu zinatupa rangi zote, tunahesabu hata kope, na uangavu huo unatudanganya kwamba hakuna kilichopotea. Picha ikiganda tunalaumu mtandao, tunanunua bando lingine. Ikiwa haijaganda, hatujiulizi lolote.

Mama mmoja wa usharika wetu, kwa ruhusa yake naeleza, ana mwanawe Minnesota. Kijana hupiga simu ya video kila Jumamosi, na mama, kwa mazoea ya simu za zamani, huiweka simu sikioni. Kwa hiyo mwana huyu, aliye mbali ng'ambo ya bahari, hutazama sikio la mama yake. Wajukuu walimcheka bibi na kumwelekeza aishushe, akashusha, akasahau, akairudisha. Kijana aliwaambia wamwache. Jumamosi moja akaona sikio halina hereni. Zilikuwa hereni za dhahabu alizovishwa siku ya ndoa yake, na hakuwahi kuzivua mbele ya watoto. Kijana akauliza. Mama akajibu kama tunavyojibu sote, kwamba kila kitu ni kizuri, kwamba ziko sandukuni. Kijana akauliza tena. Ikatoka habari ya karo ya mjukuu aliyefiwa na wazazi, na ya sonara wa sokoni, na ya miezi kadhaa ya kutosema. Picha haikuwa nzuri, na alichoonyeshwa kilikuwa kidogo sana. Lakini alikuwa akikitazama, na alikuwa tayari kuuliza mara ya pili.

Niseme neno juu ya picha nzuri na picha mbaya. Kampuni ya AT&T ilionyesha simu yake ya picha kwenye Maonyesho ya Dunia ya New York mwaka 1964, na mwaka 1970 ikaanza kuiuza kama huduma mjini Pittsburgh kwa dola 160 kwa mwezi. Ilikuwa kazi ya wahandisi hodari, na haikupata wateja. Sababu ni nyingi, bei ikiwa mbele. Ila mimi hutazama pia kwamba kampuni ilikuwa ikiuza uso peke yake, na watu hawakuona la kuufanyia. Watoto wa Global Schoolhouse walivumilia kijivu, walivumilia ukimya na mikono iliyokatika hewani, kwa kuwa upande wa pili palikuwa na mtu aliyepima maji yake kama wao walivyopima yao. Kazi ilitangulia uso. Msishangae basi simu ya kila jioni na ndugu yenu aliye mbali ikikauka baada ya salamu. Mpeni kazi pamoja nanyi. Someni sura moja ya Injili naye kwa wiki. Mpangieni mtu wa kumwombea, mmuulize Jumamosi yule mtu anaendeleaje.

Kwa upande wa usharika, tangu mwaka wa corona, 2020, makanisa mengi yamefunga kamera na kurusha ibada. Namshukuru Mungu kwa hilo; wapo wagonjwa ambao bila kamera wangekaa bila neno. Lakini ona kamera imeelekea wapi: madhabahuni. Mgonjwa anatuona, na sisi hatumwoni. Anamwona mhubiri akitoa jasho, anaiona kwaya na sare mpya, na hakuna hata mtu mmoja kanisani anayejua kama leo ameketi au amelala. CU-SeeMe, pamoja na ufukara wake wote, ilikuwa na vidirisha vya watu kadhaa kwenye kioo kimoja, kwa njia ya kompyuta iliyopokea picha za wote na kuzigawa kwa wote. Watu wanane waliweza kutazamana kwa pamoja. Asiye na kamera aliingia pia, na wenzake walijua kwamba yupo. Naona watoto wale walikuwa na wazo la kusanyiko lililo karibu zaidi na Agano Jipya kuliko kamera yetu moja yenye picha safi.

Wala sitaki mtu aichukue tafakari hii kama ruhusa ya kubaki na simu. Mzee aliyeandika Waraka wa Pili na wa Tatu wa Yohana alikuwa na mengi ya kuandika, akaweka kalamu chini mara zote mbili, kwa kuwa alitumaini kuja na kuzungumza nao ana kwa ana. Paulo aliposhindwa kurudi Thesalonike alimtuma Timotheo, na hakutulia mpaka Timotheo aliporudi na habari. Barua ni njema na picha ni njema pale mwili usipoweza kufika. Aliye Minnesota tumpigie. Aliyelazwa hospitali ya wilaya, nauli ya daladala kwenda na kurudi tunayo, na tukishindwa mmoja mmoja, mtaa wenu unaweza kuchanga.

Nimezungumza na wazee wa kanisa na uongozi wa vijana. Kila Jumapili baada ya ibada ya pili vijana wawili watakaa ofisini na simu ya usharika, wakiwapigia kwa video wagonjwa na wazee walio kwenye orodha ya mitaa, kwa zamu. Nimewaomba wasianze na matangazo. Waanze kwa kuuliza yule upande wa pili anaona nini, na wao waseme wanachokiona. Wakiona kitu kimebadilika chumbani, waulize. Wakiona hakijabadilika kitu, waulize vilevile. Wasikubali "nzuri" ya kwanza. Wazee wa mitaa, leteni majina kabla ya Ijumaa, na nawasihi mwanze na wale ambao hawajawahi kulalamika.

Katikati ya wiki someni Marko 8:14–33 kwa mfululizo, bila kuruka, pamoja na watu wa nyumbani mwenu. Kisha kila mmoja ataje mtu mmoja ambaye hajamtazama upya kwa muda mrefu, na kama mtu huyo yumo chumbani humo humo, msione aibu.

Jumapili ijayo somo ni Marko 10:46–52, habari ya Bartimayo wa Yeriko. Ni kipofu, anaomba njiani, amepiga kelele mpaka watu wamemkaripia, amelitupa vazi lake na kumjia Yesu. Kila aliyesimama pale alijua shida yake. Yesu akamuuliza anataka afanyiwe nini. Njooni mkiwa mmelifikiria swali hilo, kila mmoja na jibu lake.